Sura ya Tano: Mtoto Aliyelitangulia Darasa Lake

Shule za Bujumbura zimezoea kwa miaka mingi kuulizwa swali moja kila unapomalizika mwaka wa masomo, nalo ni nani abakishwe nyuma. Swali la pili, la nani apelekwe mbele kabla ya wenziwe, haliulizwi ila kwa nadra, na linapoulizwa hupokewa kwa mashaka, kana kwamba mzazi anayeliuliza amekuja kuomba upendeleo. Burundi imehesabiwa muda mrefu miongoni mwa nchi za Afrika ambazo watoto wake hurudia darasa kwa wingi uliopita kiasi, na ada hiyo imejenga katika fikira za walimu na wazazi dhana ya kwamba mwendo wa mtoto shuleni ni wa aina mbili tu, kwenda sawa na wenziwe au kusalia nyuma yao. Basi anapotokea mtoto wa aina ya tatu, ambaye katika hisabati amelitangulia darasa lake kwa mwaka mzima au zaidi, hakuna mahali alipowekewa.

Tumchukue mtoto wa namna hiyo katika Buyenzi, mtaa ambao Wabelgiji waliupanga kwa ajili ya Waswahili katika siku ambazo mji huu ulikuwa ungali ukiitwa Usumbura. Yuko mwaka wa nne. Huzidisha na kugawanya kichwani upesi kuliko mwalimu aandikavyo ubaoni. Dukani kwa mjomba wake hurudisha chenji bila ya kalamu. Na wenziwe wanapopewa hesabu kumi, yeye huzimaliza zote wao wakiwa kwenye ya nne, kisha huanza kuwaudhi walio karibu naye. Baba yake humwendea mwalimu akamwambia, “Maalim, mtoto huyu anapoteza wakati wake. Mrusheni mwaka wa tano, aingie wa sita.” Mwalimu, ambaye mbele yake wamo watoto themanini na nyuma yake mwaka mwingine wenye themanini, hujibu kwa adabu, “Mzee wangu, tutaangalia,” na shauri hilo huishia papo hapo. Baba ana haki ya kuuliza na mwalimu ana haki ya kusita. Lakini aghalabu wote wawili huitazama kasi ya mtoto, ambayo ni dhahiri kwa kila mtu, wasiutazame ule mwaka unaokusudiwa kurukwa na vitu vilivyomo ndani yake.

Na katika Burundi mwaka wa tano si mwaka kama mingine. Kwa sheria ya Septemba 2013 iliyoipanga upya elimu ya nchi, shule ya msingi ina miaka 9 iliyogawanywa katika mizunguko minne, mitatu ya miaka miwili miwili na wa mwisho wa miaka mitatu, na mwishoni uko mtihani wa taifa unaoamua nani ataendelea na masomo na ataendelea nayo wapi. Katika miaka minne ya kwanza lugha ya kufundishia ni Kirundi. Tangu wa tano ni Kifaransa. Mtoto wa Buyenzi, ambaye nyumbani, barazani na sokoni husema Kiswahili, amekwisha hama lugha mara moja siku alipoingia shule, na mwaka wa tano humhamisha mara ya pili. Huenda hisabati ya mwaka huo ameimaliza zamani kwa akili yake mwenyewe. Asichokijua ni namna inavyosemwa. Mwekeeni ubaoni sehemu mbili za kujumlisha, atazijumlisha kabla hamjakaa. Mwekeeni habari ya mfanyabiashara aliyenunua mchele wa Imbo kwa gunia, akauuza kwa kilo, akapata hasara ya asilimia fulani, habari yote ikiwa katika Kifaransa cha vitabu chenye sentensi ndani ya sentensi, naye atalikosa jawabu kwa kushindwa na maneno, wala si kwa kushindwa na tarakimu. Hivyo ndivyo mtoto hodari anavyoweza kuonekana, baada ya muhula mmoja, kuwa amekuwa mzito, ilhali akili yake haikupungua hata chembe. Na mwalimu wa darasa jipya, ambaye hakumjua hapo kwanza, ataandika katika ripoti yake kwamba mtoto huyu aliletwa mbele bila ya kustahili.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba mahali pabaya kuliko pote pa kumrusha mtoto wa Bujumbura darasa zima ni papo hapo ambapo wazazi hupenda kupachagua, kati ya mwaka wa nne na wa sita. Kumtoa wa pili kumpeleka wa nne kuna hatari ndogo zaidi, kwa kuwa lugha haibadiliki. Kumtoa wa saba kumpeleka wa tisa ni kumtia katika mwaka wa mtihani akiwa na deni la mwaka mzima wa fizikia, biolojia, historia na lugha, ambazo hakuna aliyesema kwamba anazijua.

Walimu wa vyuo vya Kurani, ambavyo Buyenzi havikosekani, wamekuwa na dawa ya tatizo hili karne nyingi kabla ya shule za tarakimu na kengele. Chuoni hapana mwaka wa nne wala wa tano. Kila mtoto husomeshwa mahali alipofika. Yuko atakayeimaliza juzuu Amma kwa miezi michache, na yuko atakayekaa nayo miaka miwili, nao wawili hao huketi mkeka mmoja bila ya mmoja kumwonea mwenziwe haya. Aliye mwepesi husikilizwa, akathibitishwa, akaambiwa aendelee, lakini haambiwi aiache sura iliyo mbele yake ati kwa kuwa ni hodari: hodari huipita kwa siku moja, mzito huipita kwa mwezi, na wote huipita. Shule ya kisasa, ilipowapanga watoto kwa umri na kuwasomesha kwa sauti moja, ilipata faida kubwa ya kufundisha halaiki kwa gharama ndogo, na sitaki kuidharau faida hiyo katika nchi ambayo mwaka 2005, ada za shule za msingi zilipofutwa, ilipokea ghafula watoto wengi kupita viti vilivyokuwapo. Ila ilipoteza usikilizaji wa mtu mmoja mmoja, na mtoto aliyelitangulia darasa ndiye anayeidhihirisha hasara hiyo kuliko wote.

Basi tumsikilizeje? Kosa la kwanza ambalo hutendeka ni kumpima kwa mtihani wa darasa alilomo. Alama 95 katika mia kwenye mtihani wa mwaka wa nne hutuarifu kwamba anayajua ya mwaka wa nne, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka, wala hazitwambii lolote juu ya anayoyajua zaidi ya hapo, kwa kuwa mtihani wenyewe umekoma kabla yake. Apewe mtihani wa mwisho wa mwaka ule unaotakiwa kurukwa, bila ya kumtayarisha, na asomewe kwa lugha anayoielewa vizuri, kisha siku nyingine apewe wa namna ile ile kwa Kifaransa, ili ijulikane ni upungufu upi ulio wa hesabu na upi ulio wa lugha. Namna hii ya kumpima mtoto kwa kipimo cha wakubwa wake ndiyo aliyoitumia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, katika uchunguzi wa vijana wenye kipawa cha hisabati alioufungua mwaka 1971: aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani uliotungwa kwa ajili ya vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu, na mara wakatengana waliokuwa wakionekana sawa katika mitihani ya darasa lao. Lakini sehemu ya kazi yake ambayo huigwa kwa uchache, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani zaidi, ni ile iliyofuata baada ya alama: makosa ya kila mmoja yalichunguzwa moja moja, akafundishwa yale tu ambayo hakuyajua, akapimwa tena, ndipo akaruhusiwa kusonga. Huo ni usikilizaji wa chuo cha Kurani, uliovaa nguo za maabara.

Na mtihani wa kuandika hautoshi. Yapasa mtu mzima anayeijua hesabu aketi na mtoto kwa saa moja, amwulize mambo ambayo kasi haiyafai kitu. Katika aila za Kiislamu za Buyenzi hakuna chemchemi bora ya maswali hayo kuliko elimu ya mirathi. Na ijapokuwa Warundi walio wengi ni Wakristo, hesabu hii haimbagui mtu. Mtu amekufa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume: mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha mtoto, je, ni kiasi gani? Mtoto aliyefunzwa kwa kukaririshwa atauliza kwanza, “Nijumlishe au nizidishe?” Mtoto anayeelewa atanyamaza kidogo, akitafuta namba inayogawanyika kwa 8 na kwa 6, atafika 24, ampe mke 3, mama 4, na mtoto 17, kisha, kama ni yule tunayemtafuta, atajumlisha tena bila ya kuambiwa ili ahakikishe kwamba hakuna kilichopotea.

Hapo aongezewe la pili. Mwanamke amekufa, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja: mume ana nusu, na dada wana thuluthi mbili baina yao. Mtoto atatafuta asili, yaani namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, atapata 6, atampa mume 3 na dada 4, kisha atasimama, kwa maana 3 na 4 ni 7, na mali ni 6. Wengi watasema swali limekosewa. Wafaqihi, kwa mapokezi yanayorudi hata zama za Khalifa Umar, waliipandisha asili kutoka 6 hadi 7, mume akapata 3 katika 7 na dada 4 katika 7, kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano ule ule. Mwulizeni mtoto kwa nini hukumu hiyo ni ya insafu. Mwulizeni ni kiasi gani mume alichokikosa, na kama kweli amepungukiwa sawa na dada. Mtoto anayeweza kukaa na swali hilo jioni mbili, akalirudia kwa hiari yake, ameonyesha kitu ambacho alama 95 haziwezi kukionyesha. Wala si ajabu: al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kiliupa ulimwengu elimu ya aljebra, alitenga fungu kubwa la kitabu hicho kwa ajili ya wasia na mirathi.

Nimekaa juu ya sehemu kwa makusudi. Mambo mengi ya hisabati ya shule huweza kurukwa na kufidiwa baadaye. Majina ya maumbo hujifunzwa kwa wiki moja, na vipimo vya ujazo kwa siku mbili. Sehemu, uwiano na namba hasi hazifidiwi hivyo. Asiyejua kwa nini kugawanya kwa nusu huifanya namba iwe kubwa zaidi ataweza kwa muda kuficha ujinga huo chini ya kanuni, mpaka tarakimu zitakapoondolewa na mahali pake zikatiwa herufi. Hapo kanuni aliyoikariri haina tena cha kushika, na huo ndio wakati ambapo watoto waliorushwa kwa haraka huanza kusema kwamba hawaipendi hisabati.

Iko habari ya mtu mmoja ambayo huletwa daima kuwa hoja ya kurusha madarasa, na kwa wasomaji wa Burundi ina uzito wa peke yake kwa kuwa mtu huyo aliutumia mwisho wa umri wake kuwapatanisha Warundi huko Arusha. Julius Nyerere alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baada ya miezi sita mtihani wake ulikuwa mzuri hata akapandishwa darasa. Mwaka 1937 alikuwa tayari shule ya sekondari ya Tabora. Wanaoitaja habari hiyo husahau umri wake: aliingia shule akiwa na miaka takriban 12. Kupandishwa kwake kulimsogeza karibu na rika lake, wala hakukumtenga nalo. Na Burundi, ambako vita, umaskini na kurudia madarasa vimewaacha watoto wa miaka 13 wakiketi na wa miaka 9, wako wengi wa namna hiyo, walioanza wamechelewa na kushika upesi, na kwao kurushwa darasa ni kurudishiwa haki iliyochelewa. Shaka yangu yote ni juu ya yule aliyeingia kwa wakati wake, mwenye miaka 9, anayepelekwa kukaa na wa miaka 14.

Kwa mtoto huyo mdogo mfano wenye manufaa zaidi ni wa Terence Tao, aliyezaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975. Alipokuwa na miaka 8 alipata alama 760 katika 800 kwenye fungu la hisabati la ule mtihani wa kuingilia vyuo vikuu vya Marekani, na mtu angedhani wazazi wake wangemkimbiza moja kwa moja chuoni. Hawakufanya hivyo. Walimweka katika madarasa mbalimbali kwa masomo mbalimbali, hisabati pamoja na wakubwa, masomo mengine chini zaidi, na ijapokuwa angeweza kuingia chuo kikuu mapema kuliko hivyo, walingoja mpaka alipokuwa na miaka 14 ndipo akawa mwanafunzi kamili. Mwaka 2006 alipewa nishani ya Fields. Wapinzani wa kurusha hupenda kumtaja William James Sidis, aliyeingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11 na kufa mwaka 1944 akiwa karani asiyejulikana. Lakini mtu mmoja mwenye huzuni si dalili, na vijana wa Stanley waliofuatiliwa kwa miongo mingi hawakuonyesha kwamba kutangulia huharibu maisha.

Mzazi wa Bujumbura atasema, na atakuwa amesema kweli, kwamba Adelaide na Baltimore si Kinama wala Kamenge. Nampeleka basi Braunschweig ya Ujerumani, katika miaka ya 1780, katika shule ya mwalimu aliyeitwa Büttner, ambayo, kama inavyosimuliwa, ilikuwa na wanafunzi kiasi cha mia katika chumba kimoja na fimbo ndiyo iliyoleta utulivu. Humo aliketi mtoto wa mtu maskini, Carl Friedrich Gauss. Kila mtu amesikia jinsi alivyojumlisha namba kutoka 1 hadi 100 kwa kufumba na kufumbua. Alichokifanya mwalimu baada ya hapo husimuliwa kwa uchache. Büttner hakuwa na darasa la juu la kumpeleka. Aliagiza Hamburg kitabu cha hesabu kilicho bora kuliko vya shule, akampa mtoto, na alipoona kwamba hana zaidi la kumfundisha alimwacha mikononi mwa msaidizi wake, kijana Martin Bartels, aliyemzidi Gauss kwa miaka 8 tu na kuipenda hisabati kwa dhati. Wawili hao wakawa wakisoma pamoja. Kitabu kimoja na mtu mmoja: hizo ndizo gharama zote.

Vitu hivyo viwili Bujumbura vinapatikana. Iko École Normale Supérieure, ambapo vijana husomea kuwa walimu wa hisabati wa sekondari, na iko Université du Burundi. Katika kila mtaa yuko kijana mmoja angalau anayesoma huko, naye kwa nauli na chakula cha jioni ataketi na mtoto mara mbili kwa wiki. Akiombwa hayo na mzee wa mtaa kwa heshima, aghalabu hata nauli hataitaja. Fauka ya hayo shule nyingi za mji huu, kwa uhaba wa vyumba, huendeshwa kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana, na taklifa hiyo ambayo wazazi huilalamikia yaweza kumfaa mtoto tunayemzungumza: anayesoma asubuhi na darasa lake la nne aweza kurudi mchana kwa saa ya hisabati tu, akaketi nyuma ya mwaka wa tano au wa sita, akaisikia hesabu anayoijua ikisemwa kwa Kifaransa ambacho hajakijua. Hapo anaipata lugha kupitia mlango wa somo analolipenda, na mwaka utakaofuata, atakapofika wa tano pamoja na rika lake, yeye ndiye atakayewafasiria wenziwe. Linalotakiwa ni ruhusa ya mkurugenzi wa shule na ridhaa ya mwalimu wa mchana, ambaye hatapenda kuongezewa mtoto wa themanini na moja, na ambaye kwa hiyo ni busara kumwendea kabla ya mkurugenzi, si baada yake.

Mtoto mwenyewe aulizwe, na aulizwe mbali na baba yake. Wako watoto ambao hesabu kwao ni furaha kwa sababu wao ni wa kwanza darasani, na siku watakapokuwa wa kumi na tano furaha hiyo itatoweka. Na wako ambao hawajali ni wa ngapi maadamu swali ni gumu. Hawa wa pili ndio wa kupelekwa. Kwa wasichana kuna mambo ya kuangaliwa ambayo wanaume husahau, mathalan ni nani atarudi naye nyumbani zamu ya mchana inapotoka jioni, na kama katika darasa la wakubwa ataketi karibu na msichana mwingine au ataachwa peke yake kati ya vijana. Mengi ya hayo huamuliwa na mama, na mama asipokubali mpango hautadumu, hata baba na mkurugenzi wakitia saini mara mbili.

Kisha uwekwe muda. Muhula mmoja unatosha kujua, na yafaa wote wapatane mapema, mtoto akiwapo, kwamba mwisho wa muhula watakutana tena na kwamba kuacha hakutahesabiwa kuwa kushindwa, kwa maana katika mji ambao kurudia mwaka kumewaaibisha wengi, mtoto anayeonekana akitoka darasa la juu kurudi la chini atadhihakiwa njia nzima kutoka shule mpaka kwao. Kwa hiyo jina lake lisihamishwe daftarini. Libaki katika orodha ya mwaka wa nne, aitwe asubuhi pamoja na wenziwe, mtihani aufanye nao, ripoti yake itoke na zao. Na huko mchana aketi kama mgeni asiyeandikwa popote, ili ikilazimu kuacha, pasiwe na karatasi yoyote ya kufutwa.